Mishahara Imeshalipwa

"Nikuandikie bei ipi, Mama Risiti? Ya leo au ya mradi?"

Mwenye duka la jumla alikuwa ameshika kalamu juu ya kitabu chake cha risiti, tabasamu limemkaa upande mmoja wa mdomo. Mezani kulikuwa na pakiti nne za nepi za watoto wakubwa, mche wa sabuni na dumu la dawa ya kusafishia sakafu.

"Niandikie bei niliyolipa," Mama Risiti alijibu.

"Hiyo ni ya leo. Mradi wenu bado unalipa ya mwaka juzi. Tofauti utaitoa wapi?"

"Mfukoni."

"Mfuko wa nani?"

Alifungua pochi yake, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaikunjua na kuiweka juu ya zile za ofisi. Bei ya nepi ilikuwa imeandikwa kwenye bajeti ya kituo miaka miwili nyuma, siku mkataba na mfadhili ulipotiwa saini. Tangu hapo nepi zilikuwa zimepanda bei, zikatulia, zikapanda tena, lakini bajeti ilibaki palepale kama picha ya marehemu ukutani. Kilichozidi bei ile kiliitwa gharama isiyokubalika. Hakuna aliyeulizwa ni nani asiyeikubali.

"Ningekuandikia pakiti tano, mambo yakaisha," mwenye duka alisema. "Mashirika yote ya mtaa huu nawafanyia hivyo. Hakuna anayekula hapo, mnafidia bei tu."

"Ziko nne. Andika nne."

"Haya mama. Utaingia peponi umekonda."

Jina la Mama Risiti alipewa na wenzake kituoni, na lilishika mpaka madukani. Yeye ndiye aliyekuwa mhasibu, mtunza stoo na mpokea simu. Kwake hata pesa ya kiberiti haikutoka bila kipande cha karatasi. "Bila risiti, hiyo pesa haikutoka," alikuwa akisema, na watu walikuwa wakicheka, lakini kipande cha karatasi walileta.

Alibeba dumu mkono mmoja na mfuko wa nepi mkono wa pili, akashika njia ya kituoni. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka nyumbani kwa mlango wa uani ili asikutane na mama mwenye nyumba. Nyuma alimwacha mama yake mzazi akihesabu vidonge vya presha kwenye kiganja. Siku hizi bibi huyo alikuwa anameza leo, anaruka kesho, na ukimuuliza anasema amesahau.

Kituo kilikuwa nyumba ya kupanga yenye baraza pana na mteremko wa saruji uliojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu. Alipofika, dereva, ambaye wote walimwita Kapteni, alikuwa anateremsha watoto kutoka kwenye gari. Wengi wao walikuwa na mtindio wa ubongo. Wengine shingo hazikukaza, wengine miguu ilikuwa imepishana kama mkasi. Shangazi alikuwa mlangoni, akiwapokea mmoja mmoja kiunoni, akiwaketisha kwenye viti vya maboksi vilivyotengenezwa kwa gundi ya unga na magazeti ya zamani, na kuwafunga mkanda kifuani.

"Huyu jana amelala vizuri," Shangazi alisema bila kumwangalia mtu. "Ona shingo yake leo. Mfalme!"

Mtoto alicheka, mate yakamtoka. Shangazi akayafuta kwa kona ya kanga yake.

Hakuwa shangazi wa yeyote pale. Alikuwa mlezi na mfuaji, mwanamke wa makamo aliyekwisha kuvuka makamo, na alikuwa mfanyakazi wa kwanza kuajiriwa siku kituo kilipofunguliwa.

Kabla ya uji, Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi walimwita Dada, aliwaita wote barazani. Walisimama duara kama walivyosimama kila asubuhi, kwa sababu Mkurugenzi aliamini katika duara. Yeye ndiye aliyekianzisha kituo, baada ya kumzika mwanawe wa pekee aliyekuwa na hali kama ya watoto hawa. Leo macho yake yalikuwa mekundu.

"Wanangu, nyinyi ni familia yangu," alianza, "na familia haifichani. Mchana huu afisa wa mfadhili anakuja kufunga hesabu za awamu iliyopita. Karatasi za mishahara ya miezi mitatu lazima ziwe zimesainiwa na kila mtu, kwamba mmepokea. Zikikamilika, awamu mpya inaingia. Mwezi huu mtalipwa kwa wakati."

Habari yenyewe waliijua. Miezi mitatu nyuma mwenye jengo alikuwa amekuja na kufuli mbili na fundi wa kuzifunga. Mfadhili alilipia walezi, mafuta ya gari, mafunzo na mabango. Kodi ya jengo hakulipia. Katika mkataba iliandikwa kwamba gharama hiyo ni mchango wa shirika lenyewe, na shirika lenyewe lilikuwa Mkurugenzi na gari lake binafsi, ambalo alikwisha kuliuza kulipa kodi ya mwaka uliotangulia. Hivyo alichukua fedha ya mishahara ya miezi mitatu iliyobaki akamlipa mwenye jengo. Aliwaita kwenye duara hilihili akawaambia. Walikubali kusubiri mwezi mmoja. Mwezi ukazaa miezi.

"Mama Risiti," Kapteni alisema, "miaka yote unatuimbia, hakuna risiti hakuna pesa. Leo risiti imekuja. Mbona pesa siioni?"

Kicheko kilipita kwenye duara, hata Mkurugenzi akatabasamu. Mama Risiti alicheka pia, lakini uso ulimwaka moto.

"Swali la kweli," Kapteni aliendelea. "Awamu mpya ikija, hii mitatu ya nyuma tunalipwa?"

Wote walimgeukia Mama Risiti. Yeye ndiye aliyejua.

"Awamu mpya inalipa miezi inayokuja tu," alisema polepole. "Ya nyuma kwenye vitabu itakuwa imeshalipwa."

"Na tusiposaini?"

"Watauliza fedha ya mishahara ilikwenda wapi. Tukisema kodi, wataita matumizi mabaya. Mkataba unasimama."

"Yaani nikisaini nimelipwa, nisiposaini nimefukuzwa." Kapteni alikuna kidevu. "Mtego huu panya mwenyewe ndiye anaombwa autege."

"Tutatafuta namna," Mkurugenzi alisema. "Nawaapia, hiyo mitatu tutaitafutia namna."

Mpishi alisaini wa kwanza, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kijana wa mazoezi ya viungo akafuata. Kapteni alichukua kalamu, akaangalia dari ya baraza. "Funika kombe mwanaharamu apite," akasema, akaandika jina lake mara tatu.

Kalamu ilipofika kwa Shangazi, alikuwa amekwisha kutoka kwenye duara. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto, akimlisha uji kwa kijiko kidogo, akisubiri koo lipande na kushuka kabla ya kumpa kijiko kingine.

"Mimi sisaini," alisema. "Polepole mwanangu, usinipaliwe."

*

Ofisi ilikuwa na meza mbili na feni moja iliyogeuka kwa mlio wa panya. Mkurugenzi alimwita Mama Risiti ndani, akafunga mlango.

"Shangazi anakusikiliza wewe," alisema. "Zungumza naye."

"Na akikataa?"

Mkurugenzi alishika paji la uso. "Saini yake unaijua. Umeiona miaka yote hii."

"Naijua, Dada. Lakini si yangu."

"Basi niambie nifanye nini." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Yule mtoto wa kona, aliyekaa jirani na dirisha. Unakumbuka tulivyomkuta? Mama yake anakwenda sokoni, anamfungia chumbani na kikombe cha maji asichoweza kukifikia. Jumatatu nikifunga hapa, Jumatatu hiyohiyo amerudi chumbani. Mama yake si mbaya. Hana pa kumweka tu. Mimi kuiba sikuiba. Wewe hesabu zote unazo, niambie kama niliiba."

"Hukuiba."

"Sasa kwa nini najiona mwizi?"

Mama Risiti aligeukia vitabu vyake mezani. Alikuwa amesoma uhasibu chuoni miaka mitatu. Walimu walimfundisha kumtambua mwizi kwa namna nyingi: risiti zilizofanana mwandiko, mafuta yasiyolingana na safari, mafundi hewa. Hawakumfundisha namna ya kusoma vitabu ambamo fedha imepotea na hakuna aliyeila.

Mkurugenzi alipotoka, Mama Risiti alimpigia simu Mweka Hazina wa bodi. Huyu alikuwa meneja wa benki aliyestaafu, mwenye sauti nzito ya kistaarabu. Bodi ilikutana mara moja kwa mwaka kwenye chakula cha mchana, na Mweka Hazina alikuwa mtu wa kusifia mpangilio wa majedwali.

"Shikamoo mzee. Samahani kukusumbua."

"Marahaba binti. Husumbui."

Alimweleza. Upande wa pili palisikika kijiko kikikoroga chai.

"Binti yangu," mzee alisema, "bodi inasimamia sera. Haya ni ya utendaji. Bodi ikianza kuingilia utendaji, tutakuwa tumevunja katiba yetu wenyewe."

"Lakini suala la kodi bodi ilijulishwa, mzee. Mwenyekiti alipigiwa, na wewe ulipigiwa. Mkasema ifanyike."

"Kwa simu. Je, imo kwenye muhtasari wa kikao?"

"Haimo. Kikao hakikukaa."

"Basi, kama haimo kwenye muhtasari, haikujadiliwa." Alisema bila ubaya wowote, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi anayempenda. "Wewe ni mhasibu, unanielewa."

Alimwelewa vizuri kuliko alivyotaka. Bila risiti, hiyo pesa haikutoka. Mzee alikuwa anaongea kwa sauti ya Mama Risiti mwenyewe.

"Naomba bodi ikae hata kwa dharura," alisema.

"Andika barua. Ipitie kwa Mkurugenzi, aipeleke kwa Mwenyekiti. Yuko safarini lakini. Akirudi mwisho wa mwezi ujao tutaangalia."

*

Shangazi alikuwa uani, mikono ndani ya beseni mpaka kwenye viwiko. Vitambaa vya kufutia mate vilikuwa vimeanikwa kwenye kamba. Mama Risiti aliweka karatasi ya mishahara na kalamu kando, akakunja sketi, akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akaanza kukamua.

"Umetumwa," Shangazi alisema.

"Nimetumwa."

"Afadhali umesema. Kamua kwa nguvu, hivyo vinanuka vikikauka vibaya."

Walikamua vitambaa viwili vitatu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kijana wa mazoezi akihesabu kwa kuimba, na mtoto mmoja akimjibu kwa mlio usiokuwa na neno.

"Nitakueleza kitu," Shangazi alisema. "Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo. Kilipoanza kuyumba, wakawaambia wasaini kwamba wamelipwa, ili benki itoe mkopo, mkopo ukitoka walipwe. Akasaini. Alikuwa mtu wa kuamini watu. Kiwanda kikafungwa. Akaenda ofisi ya kazi, wakamwonyesha saini yake. Akaenda mahakamani, saini yake. Akarudi tena mwaka uliofuata, yuleyule karani akamtolea faili lilelile. 'Mzee, hii si saini yako?' Ni yangu. 'Sasa unadai nini?'" Alibadilisha maji. "Hakufa kwa njaa, usidhani. Alikufa na aibu. Alikuwa anasema, mimi mwenyewe ndiye shahidi wao."

Mama Risiti aliacha kukamua.

"Kwa hiyo usinione nimewakomoa. Watoto hawa nawapenda kuliko nyinyi mnaopenda kwenye karatasi. Lakini mjukuu wangu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Wanataka nusu ya ada kabla ya mwezi kwisha. Hiyo mitatu ndiyo ada yake. Naifahamu mpaka noti ya mwisho. Nikisaini, nimemla."

Shangazi alikuwa na haki. Mama Risiti alijua ana haki, na papo hapo alijua kwamba saa nane, saa ya afisa kufika, ilikuwa inakaribia na mstari wa Shangazi kwenye karatasi ulikuwa mtupu. Akilini alimwona yule mtoto wa jirani na dirisha. Aliona kikombe cha maji. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Shangazi, fedha ikiingia, cha kwanza kulipwa ni chako. Nitahakikisha mimi."

Shangazi alimtazama. Povu lilikuwa linamteremka mkononi.

"Unaniahidi wewe, au ni ofisi inaniahidi?"

"Mimi."

"Kwa sababu ofisi ningeikatalia."

"Mimi, Shangazi."

Mwanamke yule alijipangusa mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. Akachukua kalamu. Alisaini mara tatu, na kila mahali alipolaza kiganja karatasi ilibaki na alama ya maji.

"Haya," alisema. "Sasa una deni langu, usinikimbie njiani."

Alirudi kwenye beseni lake. Mama Risiti alibaki amesimama na karatasi mkononi. Fedha ikiingia angeilipa kutoka wapi? Kila senti ingeingia imeshapangiwa kazi yake. Alikuwa ameahidi kitu ambacho hata Mkurugenzi hakuwa nacho, na ameaminiwa kwa sababu ndiye mtu pekee pale asiyedanganya hata kwenye pakiti ya nepi.

*

Afisa wa mfadhili alikuwa kijana mwembamba mwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni kwa utepe. Wafanyakazi walimwita Bwana Vielelezo, kwa sababu kila walilomwambia aliomba kielelezo. Alipopita chumba cha watoto, mmoja aliudaka ule utepe akauvuta mdomoni. Bwana Vielelezo hakuunyang'anya. Aliinama hivyohivyo, mgongo umepinda, mpaka mtoto alipochoka mwenyewe na kuuachia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Kapteni alimnong'oneza Mama Risiti mlangoni. "Mpe kiti kisichoyumba."

Ofisini walibaki wawili. Afisa alipitia risiti moja moja, akizipiga picha kwa simu, na kila picha ilipokwenda simu ilitoa mlio mdogo wa kuridhika.

"Vitabu vyako vizuri sana," alisema. "Natamani wote wangekuwa kama wewe. Nepi mmedai bei ileile ya bajeti tu?"

"Ndiyo."

"Mmewezaje? Risiti si inaonyesha zimepanda?"

"Tumejibana."

Alitikisa kichwa kwa heshima, akateremka kwenye fomu yake. Halafu akasita.

"Kodi ya jengo. Mchango wa shirika. Mnailipaje?"

Feni iligeuka kwake, ikageuka kwa kijana. Mama Risiti alihisi jibu limempanda kooni lote kwa pamoja, kufuli mbili, duara, miezi mitatu.

"Kodi," alianza, "ukweli ni kwamba..."

"Dada." Afisa aliinua kiganja. Hakikuwa kiganja cha amri. Kilikuwa cha mtu anayeomba asipigwe. "Kabla hujajibu. Ukiniambia, nitakuwa nimejua. Nikijua lazima niandike. Nikiandika, mkataba unasimama leoleo, na hata mkurugenzi wangu hawezi kuurudisha. Umenielewa?"

"Sasa kwa nini unauliza?"

"Imo kwenye fomu."

Wote wawili walitazama meza.

"Nimeshaomba mara mbili mstari wa kodi uongezwe," kijana alisema kwa sauti ndogo. "Nimeandika, nikasema watoto hawawezi kufanyiwa mazoezi hewani. Makao makuu wanasema wachangiaji wao wanataka pesa iende kwa mtoto, isiende kwenye kuta. Nami mkataba wangu ni wa mwaka mwaka." Akasafisha koo. "Niandike 'vyanzo vya ndani'?"

"Andika."

Akaandika. Kisha akavuta karatasi ya mishahara, akapitisha kidole kwenye majina. Alipofika kwenye alama ya maji alisimama kidogo, akaendelea.

"Bado mstari mmoja. Wako."

Ilikuwa kweli. Mbio zote za siku hiyo alikuwa anakusanya saini za watu, yake ameiacha kama mpishi anayesahau kula. Alichukua kalamu. Nafasi tatu zilikuwa zinamsubiri, nyeupe, saizi ya kidole gumba.

Angesaini, mambo yangekwisha. Alimfikiria mume wa Shangazi, ambaye hakuwahi kumwona, amesimama mbele ya karani. Kama na yeye angesaini, basi hakungebaki popote duniani, kwenye karatasi yoyote, neno hata moja la kuonyesha kwamba watu wa nyumba hii wanadai. Ahadi aliyompa Shangazi ingekuwa ya mtu anayejua kila kitu na ameshuhudia kinyume chake. Na kama angekataa, mlango ungefungwa Jumatatu, kwa kalamu yake yeye, si ya Shangazi.

Hakuwa jasiri. Kwenye nafasi ya kwanza aliandika, kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama alivyozoea kuandika vichwa vya majedwali: SIJAPOKEA. Kwenye ya pili, SIJAPOKEA. Kwenye ya tatu aliandika hivyohivyo, akaweka kalamu chini.

Afisa aliivuta karatasi. Aliitazama muda mrefu. Chumba cha pili mtoto alianza kulia, sauti ya Shangazi ikamfuata, ikambembeleza, akanyamaza.

"Hii ndiyo saini yako?" kijana aliuliza.

"Ndiyo."

"Ya siku zote?"

"Ya leo."

Masikio ya kijana yalikuwa yamepiga wekundu. Alichukua simu, akaisugua kioo kwa ule utepe wa shingoni uliokuwa bado na mate ya mtoto. Akaiinua, akaishusha, akaiinua tena.

"Saini za wahasibu," alisema mwishowe, bila kumtazama, "hazisomeki hata siku moja."

Simu ikatoa mlio wake mdogo wa kuridhika.

*

Ujumbe uliingia wakati Kapteni anawapandisha watoto garini. Mkurugenzi aliusoma barazani kwa sauti, miwani juu ya pua. "Tunawapongeza. Nyaraka zenu zimepokelewa na zimekamilika. Awamu inayofuata imeidhinishwa."

Mpishi alipiga kigelegele. Kijana wa mazoezi akamrusha mtoto juu, akamdaka. Mkurugenzi alimkumbatia Mama Risiti kwa nguvu mpaka miwani ikapinda, akamnong'oneza, "Mungu akubariki, mwanangu, umetuokoa." Shangazi hakupiga kigelegele. Alimfunga mkanda mtoto wa mwisho, akamgeukia Mama Risiti, akamkonyeza kama mtu mwenye miadi.

Zimekamilika. Mama Risiti alilirudia neno hilo kichwani. Basi kule mbali kulikuwa na mashine iliyotazama vile visanduku, ikaona havikuwa vitupu, ikaridhika. Au kulikuwa na mtu, amesoma, naye akafanya kama Bwana Vielelezo. Mama Risiti alikuwa amepiga kelele, na kelele yake imepokelewa, imepewa namba, imewekwa kwenye faili pamoja na risiti za sabuni.

Alirudi ofisini. Bajeti ya awamu mpya ilikuwa imeshatumwa kwenye kompyuta, tayari kupangwa. Mishahara ya walezi. Mafuta ya gari. Nepi, kwa bei ileile ya mwaka juzi. Mafunzo ya utawala bora. Mabango. Aliangalia juu mpaka chini, akaangalia tena, akitafuta hata upenyo wa kupitisha nusu ya ada ya mjukuu wa Shangazi. Hapakuwa na upenyo.

Mkurugenzi alichungulia mlangoni. Furaha ilikuwa bado haijamtoka usoni, lakini sauti ilikuwa imeshabadilika.

"Mwenye jengo amepiga sasa hivi. Amesikia tumepata fedha, sijui nani kamwambia. Anataka ya miezi sita mbele, na ameongeza." Alisubiri kidogo. "Tutatafuta namna, eti?"

"Tutatafuta, Dada."

Mlango ulifungwa. Uani Shangazi alikuwa anaimba, anaanua vitambaa. Mama Risiti aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akakiteremsha mstari kwa mstari, akitafuta pa kuiweka kodi. Kidole kilipita mafuta, kikapita nepi, kikapita mafunzo na mabango, vitu ambavyo kila kimoja kilidai picha na kielelezo chake. Kikarudi juu, polepole, mpaka kwenye mishahara, kikasimama hapo.